Uchambuzi wa kisa: Latitude D630 iliyokaa chumba kimoja na salfa

Usuli

Kikundi cha akina mama wanaobangua korosho, katika wilaya mojawapo ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, kilikuwa na kompyuta mpakato moja tu: Dell Latitude D630 iliyonunuliwa mtumba. Jina la kikundi, kijiji na wahusika vimeachwa. D630 ni mashine ya mwaka 2007. Hii ilikuwa na prosesa ya Core 2 Duo T7250 ya GHz 2.0, RAM ya GB 2 katika vipande viwili, hadidiski ya GB 80 na Windows XP.

Mtu wa mjini angeuliza mbona wasinunue nyingine. Sababu ilikuwa nyuma ya mashine yenyewe: tundu la siriali lenye pini 9, ambalo kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni hazina. Mzani wa kielektroniki wa kikundi hutuma uzito kupitia tundu hilo, na katibu aliamini programu ya kupokea uzito haiwezi kufanya kazi nje ya XP. Kwa miaka kadhaa kila kilo ya korosho ghafi iliyoingia na kila kilo iliyobanguliwa ilipita hapo, na hesabu ya malipo ya kila mama ilitoka kwenye mafaili hayo.

Mashine ilikaa stoo. Stoo hiyohiyo, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, hupokea mifuko ya salfa ya unga ambayo wanakikundi hupulizia mikorosho yao dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Jambo hili halikutajwa na mtu yeyote mashine ilipoletwa kwa fundi. Lilijulikana baadaye, kwa rangi ya shaba ndani ya mashine.

Malalamiko yalikuwa haya: mashine inakwenda polepole mno, faili la hesabu linachukua dakika kadhaa kufunguka, betri haichaji, feni inalia muda wote, na baadhi ya asubuhi inawaka taa bila picha, mpaka izimwe na kuwashwa tena mara mbili tatu.

Kilichofanyika kabla

Fundi wa kwanza alipima chaja kwa mita, akapata volti 19.6, akasema chaja ni nzima. Akaifuta XP na kuiweka upya, akashauri waongeze RAM na wanunue betri mpya. Wiki ya kwanza ilionekana kupona kidogo, kisha ikarudi ilivyokuwa. Baya zaidi, kufuta huko kuliondoka na hesabu za msimu mzima uliopita, kwa kuwa nakala pekee ilikuwa kwenye flashi iliyokwisha kupotea. Ndiyo maana katibu alipoikabidhi kwa fundi wa pili alianza na sharti: "Fundi, naomba usifute kitu. Kilichobaki humo ndiyo malipo ya watu."

Data kwanza

Fundi wa pili hakuifungua siku hiyo. Aliiwasha kwa flashi yenye Debian, mfumo endeshi wa Linux, ya kuendeshea moja kwa moja, bila kugusa diski, na kuisoma hali ya diski:

smartctl -a /dev/sda

Mistari ya kutazama ni namba 5, yaani sekta zilizokwisha kuhamishwa, na namba 197, sekta zinazosubiri kwa sababu hazisomeki. Zote mbili zilikuwa juu ya sifuri. Diski ya namna hiyo hainakiliwi kwa kuburuta mafaili, maana kila faili linalokwama huifanya ijaribu tena na tena palepale ilipoumia. Inachukuliwa taswira, yaani nakala kamili, ya diski nzima, ikianza na sehemu nyepesi:

ddrescue -d -n /dev/sda diski.img diski.map

kisha zile zilizoshindikana zinarudiwa mara tatu:

ddrescue -d -r3 /dev/sda diski.img diski.map

Vyote viwili, diski.img na diski.map, vilikuwa kwenye diski ya nje. Faili la ramani ni la lazima: umeme ukikatika katikati, kazi huendelea ilipoishia badala ya kuanza upya, na kwa umeme wa huku hilo hutokea. Mafaili yote ya hesabu yalipatikana. Taswira ikanakiliwa mara ya pili na kukabidhiwa mweka hazina akaiweke nyumbani kwake.

Chaja yenye volti sahihi na bado mbovu

Mashine ilipokuwa ikiwaka, kabla ya chochote, ilitoa ujumbe kwamba aina ya chaja haitambuliki, hivyo itafanya kazi polepole na haitachaji betri. Akina mama walikuwa wamefundishwa kubonyeza kitufe iendelee. Jibu la malalamiko mawili kati ya hayo lilikuwa limeandikwa hapo miezi yote hiyo, kwa lugha ambayo watumiaji hawakuisoma.

Plagi ya chaja za Dell za enzi hizo ina sehemu tatu: duara la nje, duara la ndani, na pini nyembamba katikati. Umeme hupita kwenye maduara mawili. Pini ya katikati haibebi nguvu. Inasoma chipu ndogo ndani ya chaja inayoieleza mashine ni chaja ya wati ngapi. Mashine isipopata jibu huchukua tahadhari: inazuia kuchaji na inashusha kasi ya prosesa isije ikavuta umeme kuliko uwezo wa chaja isiyoijua. Mita ya fundi wa kwanza ilipima njia ya nguvu, na njia hiyo ilikuwa safi. Haikupima mazungumzo.

Uthibitisho ulikuwa rahisi. Kwa amri hii

grep MHz /proc/cpuinfo

prosesa ilionekana imeganda GHz 1.2 hata ilipopewa kazi nzito. Ikaazimwa chaja halisi ya wati 65 kutoka ofisi ya jirani yenye Dell ya rika hilo. Ujumbe ukatoweka, taa ya betri ikawaka, na kasi ikapanda hadi GHz 2.0 kila ilipohitajika. Iwapo ujumbe ungebaki hata kwa chaja halisi, kosa lingekuwa kwenye tundu la mashine au njia yake kwenye madabodi, na hapo kazi ni ya kuchomelea kwa risasi, ngumu zaidi na ghali zaidi.

Chaja ya kikundi ilikuwa ya kubahatisha, haina chipu kabisa. Ikumbukwe kwamba hata chaja halisi hupata ugonjwa huohuo waya wake mwembamba wa katikati ukikatika ndani, mara nyingi sentimita chache kutoka kwenye plagi, pale watu wanapoukunja wakati wa kuhifadhi. Ukiutikisa hapo na ujumbe ukaja na kuondoka, umeshapata jibu.

Ndani ya mashine

Kabla ya kununua chochote fundi aliuliza swali moja zaidi: ina kadi gani ya picha? D630 zilitoka za aina mbili, zenye Intel GMA X3100 na zenye NVIDIA Quadro NVS 135M. Chipu za NVIDIA za kizazi hicho zina historia: mwezi Julai 2008 kampuni yenyewe ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa kwa udhaifu wa ufungashaji. Mashine ya namna hiyo ikianza kupoteza picha, kuichoma kwa hewa ya moto au kuioka huirudisha kwa wiki chache tu. Amri ya lspci ilionyesha Intel. Kazi ikaendelea.

Betri ikatolewa, chaja ikachomolewa, kitufe cha kuwashia kikashikiliwa sekunde 15 kumaliza umeme uliobaki. Mfuniko mwembamba wa juu ya kibodi hunyanyuliwa kwa kipande cha plastiki kuanzia upande wa kulia, si kwa bisibisi ya chuma, kwani huvunjika ndimi zake. Chini yake kuna skrubu mbili za kibodi. Kila kundi la skrubu liligandishwa kwenye boksi la karatasi lililochorwa umbo la mashine, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikiingia tundu fupi hutoboa kilicho juu yake.

Mabomba ya shaba ya kipoza yalikuwa meusi tii. Shaba ya mashine yenye umri huu kwa kawaida huwa ya kahawia iliyofifia, na ikiwa imekaa pwani huota kijani. Nyeusi kavu namna hii ilikuwa ngeni, mpaka unga wa njano ulipoonekana kwenye mapezi ya feni ukiwa umeshikana na grisi. Hapo ndipo swali la stoo lilipoulizwa.

Salfa ya unga haingoji maji. Hutoa mvuke kidogo kidogo hata kwenye joto la kawaida la chumba, na mvuke huo hushikana na shaba na fedha kutengeneza utando mweusi. Unyevu huharakisha. Dhahabu haishambuliwi, lakini dhahabu ya kwenye meno ya RAM ni tabaka jembamba sana juu ya nikeli na shaba. Penye mkwaruzo au ukingoni, utando huchipuka kutoka chini na kutambaa juu ya dhahabu. Kipande cha RAM kilichokuwa chini ya mfuniko wa tumbo la mashine, karibu na njia ya hewa, kilikuwa na kivuli hicho kwenye kingo za meno. Kile cha pili, chini ya kibodi, kilikuwa kisafi. Kuwaka bila picha kulianzia hapo, na ilithibitika kwa kuiwasha mara nyingi na kipande kimoja kimoja.

Usafishaji wa salfa una masharti yake, na ni vyema kuyashika. Unga wake ukitanda hewani hushika moto kwa cheche ndogo, kwa hiyo hakuna kupuliza kwa kompresa ndani ya nyumba wala kuvuta kwa mashine ya umeme. Kazi ilifanyika uani, kwa brashi laini ya rangi, barakoa usoni na upepo mgongoni. Chuma cha kuchomelea kisiguse sehemu yenye unga: salfa ikiungua hutoa gesi kali inayobana kifua.

Wengi hufikiri spiriti itaondoa weusi ule. Peke yake haitauondoa. Spiriti huosha unga uliolegea na grisi, ila utando wa salfa na shaba hauyeyuki ndani yake. Kwenye mabomba ya kipoza weusi uliachwa, hauzuii joto kwa kiasi cha kuonekana. Kwenye meno ya RAM fundi alisugua kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa alkoholi ya asilimia 99, akienda kwa urefu wa meno, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Ufutio wa shule hakuutumia: hufanya kazi, lakini hula dhahabu, na dhahabu ikiisha salfa inapata mlango. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa yafaa ikikosekana nyingine, ila ina maji, hivyo sehemu iachwe ikauke masaa kadhaa. Spiriti ya buluu ya taa huacha mabaki ya rangi, isitumike.

Kipoza kilifunguliwa kwa kulegeza skrubu kidogo kidogo kwa kupishana, pesti ya zamani ya kupitishia joto, iliyokuwa ngumu, ikatolewa, ikawekwa mpya kiasi cha punje ya mchele. Palipokuwa na pedi ya joto pakarudishwa pedi ya unene uleule. Pesti haijazi nafasi ambayo mtengenezaji aliiacha kwa pedi, na chipu ya hapo hubaki bila kupozwa. Kabla ya hapo joto la prosesa kwenye kazi nzito lilikuwa likigusa nyuzi 95. Baada ya hapo lilitua kwenye sitini na kitu.

Nini kinunuliwe

Fedha ya kikundi ilikuwa ya kuhesabu. Mambo manne yalishindana: chaja, diski, RAM, betri.

Chaja halisi ya wati 65 haikuwa na mjadala. Diski pia, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ikifa. Ikachaguliwa SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, GB 240, nayo peke yake ilikula zaidi ya nusu ya fedha yote. SSD nyingi za sasa zina unene wa milimita 7 ilhali nafasi ni ya 9.5, hivyo iliwekewa ukanda wa plastiki wa milimita 2.5 ili isining'inie kwenye kiunganishi.

RAM ilipandishwa hadi GB 4, na hapa kuna siku zilizopotea bure. Oda ya kwanza kwenda Kariakoo ilisema "RAM ya laptop, GB 2, mbili". Basi likaleta DDR3. D630 hutumia DDR2, yenye pini 200 na volti 1.8. DDR3 ya kompyuta mpakato ina pini 204 na pengo lake limekaa mahali pengine, haiingii hata kwa nguvu, na anayeilazimisha huvunja soketi. Mzigo ukarudishwa. Oda ya pili iliambatana na picha ya lebo ya kipande cha zamani yenye maandishi PC2-5300S, na kilichokuja kilikuwa sahihi. Vipande vyote viwili vilipitishwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha kabla ya mfuniko kufungwa.

Betri ndiyo ilizua mabishano. Amri ya upower -d ilionyesha imebaki na kama robo ya Wh 56 ilizotengenezwa nazo. Kijana mmoja wa kikundi alitaka seli sita za ndani zibadilishwe palepale kijijini. Fundi alikataa, na uamuzi wake ulikuwa sahihi: seli hizo huunganishwa kwa mashine ya kuchomelea nukta, joto la risasi huziumiza, na saketi ya betri nyingi hujifunga seli zikishatenganishwa, hata ukifunga mpya. Ile ya zamani ikaachwa. Robo ya uwezo inatosha kuhifadhi faili na kuzima mashine kwa utaratibu umeme ukikatika, na ndiyo kazi pekee waliyoihitaji kwake.

XP na mzani

Mpango wa awali ulikuwa kuirudisha XP kwenye SSD sambamba na Debian 12. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo ingebaki bila intaneti, ya mzani tu. Lakini kabla ya kujitwisha kazi hiyo fundi alitaka kujua mzani unasema nini hasa. Mtumiaji akaongezwa kwenye kundi la dialout, linaloruhusiwa kutumia tundu la siriali, waya ukachomekwa, na:

stty -F /dev/ttyS0 raw -echo 9600 cs8 -parenb -cstopb igncr

cat /dev/ttyS0

Gunia likawekwa, kitufe cha kuchapa cha mzani kikabonyezwa, na uzito ukatokea kwenye kioo kwa maandishi ya kawaida kabisa. Programu ya XP iliyokuwa ikilindwa kama mboni ya jicho ilikuwa ikipokea mstari mmoja wa maandishi na kuuweka kwenye jedwali. Kazi hiyo ikahamia hapa:

cat /dev/ttyS0 | while read -r m; do echo "$(date '+%F %T'),$m"; done >> mizani.csv

Faili hilo hufunguka LibreOffice Calc. Anayejaribu kwa mzani mwingine aanze na kitabu chake: herufi zisizosomeka mara nyingi maana yake kasi si 9600, na kioo kikikaa kitupu kabisa mara nyingi waya unahitaji pini 2 na 3 zipishane. Mzani uwekwe kutuma kwa kitufe, sio mfululizo, la sivyo faili litajaa maelfu ya mistari ya mzani mtupu.

XP haikurudi. Imebaki ndani ya taswira kwa mweka hazina.

Matokeo

Faili la hesabu sasa hufunguka kwa sekunde chache, kuwaka bila picha kumekoma na feni imetulia. Video za mtandaoni zinakwenda hadi 480p, juu ya hapo zinakwama, na hakuna kipuri kitakachobadilisha hilo kwa prosesa ya 2007. Mashine imehamishwa kutoka stoo hadi nyumbani kwa katibu na hupelekwa kituoni siku za kupima tu.

Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni mpangilio. Data iliokolewa kabla ya kuguswa kingine, na chaja ikajaribiwa kabla ya kununuliwa chochote. Kikundi kingetangulia na ushauri wa RAM na betri, kingekuwa na mashine ya GB 4 iliyoganda GHz 1.2 na betri mpya isiyochajika, kisha lawama ingeangukia vipuri. Volti 19.6 za fundi wa kwanza zilikuwa kipimo cha kweli cha kitu kisichoulizwa. Alichokosa ni kusoma ujumbe wa kwanza kabisa kwenye kioo.

Jaribio la mzani nalo lilistahili kuja mapema zaidi. Laiti lingefanyika siku ya kwanza, swali la kubaki na D630 lingejadiliwa upya, kwa kuwa mzani unaotuma maandishi ya kawaida unaweza kusomwa na kompyuta yoyote yenye kigeuzi cha USB kwenda siriali. Hata hivyo, kwa fedha iliyokuwepo mkononi, ukarabati ulibaki nafuu kuliko mashine nyingine ya mtumba ambayo nayo ingekuja na siri zake.

Kosa la oda ya RAM ni la kawaida na linaepukika kwa picha moja ya simu.

Kuna madhara ambayo hayawezi kusafishwa. Vizuizi vidogo vya umeme vilivyotapakaa kwenye madabodi vina ncha za fedha chini ya koti lake, na salfa hupenya ukingoni na kuigeuza fedha hiyo kidogo kidogo mpaka njia ikatike. Kwa nje hakionekani kitu. Mashine iliyokwisha kuvuta mvuke huo kwa misimu kadhaa inaweza kufa ghafla miezi baadaye bila ya kosa la aliyeitengeneza, na katibu alielezwa hivyo waziwazi kabla ya kulipa. Kwa hiyo mizani.csv hunakiliwa kwenye flashi mbili kila Ijumaa, moja kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina. Mfuniko wa tumbo utafunguliwa mwezi wa tisa, salfa ikishatoka stoo, kutazama meno ya RAM: yakiwa na kivuli tena ilhali mashine haikukaa huko, basi unga unakuja na nguo au mkoba inaobebewa, na mkoba huo ubadilishwe.